Nilimwambia Muzee "Tumeiona"

Aliyekosa ni mimi. Naanza na hilo, mtu asije akafika katikati akadhani naandika kumlaumu mwenzangu tu. Nitamlaumu, tena sana! Lakini sahihi iliyoko kwenye ile karatasi ni yangu, hakuna aliyenishika mkono.

Mimi ni muuguzi. Kituo chetu cha afya kiko juu milimani, Rutshuru, mahali ambapo gari halifiki. Kuteremka hadi barabarani ni nusu siku kwa miguu, na mvua ikinyesha ni siku nzima. Watu wa kijiji huniita Docta. Jamani, hata jina hilo sasa linaniuma.

Kwetu mgonjwa akizidiwa anabebwa kwa ngobyi, yaani machela ya mianzi iliyosukwa. Wanne wanaweka mabegani, wengine wanafuata nyuma kungoja zamu. Kila nyumba inatoa bega. Asiyebeba habebwi, ndivyo tulivyozaliwa tukakuta. Mkuu wa wabebaji alikuwa Muzee Bahati, mtu wa utani mwingi. Bega lake la kulia lina sugu ngumu kama kisigino, naye husema hiyo ndiyo diploma yake.

Basi tukasikia kwamba Serikali inasaidia vituo vya mbali. Kijiji chetu kimo katika orodha! Tutapewa ambulansi ya magurudumu matatu, pikipiki yenye kitanda nyuma na king'ora juu. Ingepita hata njia yetu ya mawe. Na aliyeshika hiyo dosie, yaani faili la msaada huo, ofisini Goma, kule Himbi, alikuwa nani? Faustin, mwenzangu wa promosheni moja, darasa moja!

Huyu Faustin tulilala godoro moja miaka yote ya shule ya uuguzi. Maharage tulikula sahani moja. Mimi ndiye niliyemfundisha kutafuta mshipa, kwa sababu mikono yake ilitetemeka. Nilimpa mkono wangu huu atobee. Niwaambie nini tena? Nilimwamini kuliko ndugu zangu wa damu.

Akanipigia simu: "Ndugu, ushuke na muzee moja wa kijiji. Mukuye musaini PV."

PV ni karatasi ya mapokezi. Nilishuka na Muzee Bahati, kavaa koti lake la misa. Tukaikuta ile ambulansi uani, nyeupe, bado ina nailoni kwenye kiti. Muzee akaizunguka mara mbili, akabonyeza king'ora, akaruka nyuma, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tukapigwa picha, yeye ameshika ufunguo.

Halafu Faustin akachukua ufunguo, akatuletea karatasi.

"Musaini tu hapa. Plaque, ile namba ya nyuma, haiyatoka. Ikitoka, wiki kesho, itapanda kwenu."

Nikasoma. Kifaransa chake hakikuwa na giza lolote: kwamba tumeipokea, imefika kijijini, iko katika hali nzuri. Nikamtazama Faustin. Akanikonyeza. "Ni ya kutembeza dosie tu, ndugu. Kwani weye haunijue?"

Muzee Bahati hasomi Kifaransa. Akaniinamia sikioni: "Docta, inasema nini?"

Hapo! Hapo ndipo nilipoiharibu! Niliona haya. Ningemwambiaje kwamba rafiki yangu, niliyemsifu njia nzima, ananiomba uongo? Nikamjibu: "Inasema tumeiona."

"Ah! Kuiona, tumeiona kweli," akasema, akachovya kidole katika wino, akakibandika. Mimi nikasaini chini yake, nikaandika na yale maneno tunayoandikaga wote, kwamba nimesoma na nimekubali. Nimesoma! Nimekubali!

Tulirudi kama mashujaa. Jumapili baada ya misa nilisimama mbele ya watu wote, mimi mwenyewe, nikapaza sauti: "Mabega yapumzike!" Wakapiga makofi. Kundi la ngobyi likavunjika bila hata kutangazwa. Vijana wenye nguvu wakaenda Bunagana kubeba mizigo mpakani. Ngobyi ikawa mlango wa zizi la mbuzi.

Wiki kesho ikawa mwezi kesho. Nikipiga simu, Faustin ananiambia plaque bado. Nikipiga tena, yuko kwenye mkutano. Mwisho simu ikawa hailii kabisa. Na mimi, mjinga, bado namtetea mbele ya watu! Nasema ofisi za Serikali ndivyo zilivyo, mvumilieni.

Asubuhi moja wakaniletea Espérance, binti wa Muzee Bahati, mimba yake ya kwanza. Mtoto amekaa vibaya, damu inatoka, na kituoni kwangu hakuna wa kumpasua. Alipaswa kuteremka papo hapo. Tukakimbilia zizini. Mianzi imelika, kamba zimeoza kwa mkojo wa mbuzi. Mpaka tusuke upya, jua limeshapanda. Mabega yaliyopatikana yalikuwa matano, na moja lilikuwa la baba yake. Mimi nilitembea pembeni nimeshika chupa ya seramu, ile dripu ya mshipani, na njia nzima yule mzee hakutania hata mara moja.

Espérance alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kike.

Nilishuka Goma nikiwa na hasira ya kuua mtu. Himbi, kwenye uwanja wa ofisi, nikaiona. Ile ile! Wameing'oa king'ora, pamebaki matundu mawili, na pale kwenye kitanda cha mgonjwa wamepanga viti vya plastiki vya harusi. Nikamuuliza Faustin hii ni nini. Hakubabaika hata kidogo. Akafungua kabati, akanitolea karatasi.

"Hii sahihi ni ya nani? Kijiji chenu kiliisha pata, ndugu. Dosie ilifungwa. Hata msaada mupya ukikuya, hamuko tena kwa liste."

Ndugu! Bado aliniita ndugu! Mkono niliompa ajifunzie sindano ndio uliomsainia.

Nikarudi kijijini nikasema yote, uwanjani kwa kanisa. Nilingoja matusi. Hata mawe nilingoja. Muzee Bahati akauliza jambo moja tu.

"Ile siku nilikuuliza: inasema nini?"

"Uliniuliza, Muzee."

"Na weye ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa. "Yule wa Goma mimi simujue. Weye ndiye nilikuwa najua."

Nililia siku ile, silaumu mtu. Nilichofanyiwa na Faustin, mimi nilikuwa nimeshamfanyia mzee huyu, tena nikimtazama machoni.

Ngobyi mpya imesukwa. Kundi limerudi, majina yamebandikwa mlangoni pa kituo changu, nyumba kwa nyumba. Nyumba yangu haimo. Nilikwenda kumwomba Muzee. Akanijibu bila ukali: "Docta, weye utunze bagonjwa. Kubeba, tuachie."

Mnajua maana yake kwetu. Mama yangu mzee naishi naye. Akizidiwa, nitamweka mgongoni mwangu peke yangu.

Ninyi mnaosoma, mlio walimu, wauguzi, makatibu, ninyi mnaosomea wengine karatasi: msisaini kitu ambacho hakijafika, hata aombe aliyelala nanyi godoro moja. Na mtu asiyesoma akiwauliza inasema nini, mwambieni inavyosema. Mimi kila asubuhi nafungua mlango wenye orodha ile, naisoma yote, na hakuna anayeniuliza inasema nini.