Kitanda cha Misi

Nilipokuwa mtoto kule Embu, kitanda cha hospitali kilitutisha kuliko bunduki, na bunduki zilikuwa nyingi, maana ilikuwa miaka ya Imajensi, Waingereza walipopigana na Mau Mau. Kwetu, mahali mtu alipokatia roho palikuwa na thahu, mkosi wa kumwandama yeyote atakayelala hapo. Na wazungu wa misheni je? Walifua mashuka tu, wakamlaza mwingine!

Mama alipambana na uchungu wa kuzaa mpaka sauti ikamkauka. Cucu, nyanya yangu mzaa baba, akakubali shingo upande apelekwe misheni. Homugadi, askari wenyeji wa serikali, walitufungulia lango la kijiji, tukaenda na Mama kwenye machela. Kitanda kilikuwa kimoja tu, na aliyekuwa nacho alikuwa amefia hapo asubuhi hiyo. Mama aliposikia, aliteremka, akajikokota hadi kwenye nyasi.

"Nitazalia hapa nje."

"Hiyo ni ushirikina, mama. Utakufa," alisema Misi, mzungu aliyekuwa mkunga pale.

"Heri afe akiwa hana thahu," Cucu akamjibu.

Mimi nililia kwa hofu, kwa kuwa niliona kabisa kwamba hakuna atakayelegeza kamba. Misi alitukodolea macho, uso mwekundu, kisha akaondoka na wafanyakazi wawili kuelekea nyumbani kwake. Walirudi wamebeba kitanda chake mwenyewe, godoro na yote.

"Hii hakuna mtu amekufa. Ni mimi nalala hapa."

Cucu alikizunguka, akabonyeza godoro. "Basi na wewe usife kabla hajazaa."

Mdogo wangu alizaliwa kabla jua halijatua. Niliposikia Mama akicheka kwa uchovu, niliketi chini kwa furaha. Misi alihamia kile kitanda cha marehemu. Kila asubuhi Cucu alikwenda kumchungulia kama thahu imemshika, akamkuta anakunywa chai.

Simpambi. Jumapili hiyo hiyo Misi alituhubiria kwamba baba zetu waliofungiwa kambini walijitakia wenyewe, na Baba alikuwa mmoja wao. Hilo sijalisamehe. Wajukuu wangu wananibana niseme kama wamisionari walikuwa wema au wabaya, nami nashindwa. Najua tu kwamba Misi alituona wajinga, na siku ile hakungoja tuerevuke ndipo amwokoe mama yangu.