Pale Vyombo Vinaponyamaza

Mashine ya kusaga haina adabu. Unaitumikia ujana wako wote, inakulishia watoto, halafu inaondoka na masikio yako bila hata kuaga. Ndivyo ilivyomfanya Mzee Unga. Pole yenyewe hakupewa, maana tajiri wake alisema uzee ni uzee. Uzee gani! Mtu wa makamo tu, na nusu ya mvi zake ni pumba za mahindi. Sasa hasikii kitu, labda mlango ukibamizwa auhisi miguuni.

Maneno ya watu hakuyalilia. Alikuwa akisema mengi ni ya kupoteza. Kilichomuuma ni wimbo mmoja wa bendi ya zamani, alioupenda tangu hajaota ndevu. Katikati ya wimbo huo vyombo vyote vinanyamaza ghafla. Unadhani umekwisha, unanyoosha mkono kuzima, mara tarumbeta linakurudia peke yake na unaruka.

Basi siku moja, kwenye simu, akagundua kuna watu wa mbali huko wanaojirekodi wakisikiliza nyimbo kwa mara ya kwanza. Na wimbo wake umo! Jioni akishajipangusa unga, anajitupa kwenye kochi kutazama nyuso. Sauti ya nini? Kijana mwenye kofia akianza kutikisa kichwa, Mzee anajua gita limeingia. Kisha wanafika pale. Wote, bila kukosa, wananyoosha mkono, halafu wanashtuka.

"Umeona? Umeona weee!" Mzee anajipiga pajani, anacheka mpaka machozi, anawaita "wanangu" watu asiowajua hata kwa jina. Raha aliyoipata hapo, usiulize.

Lakini moyo haukutulia. Alitaka auone wimbo ule, japo mara moja, kwenye uso wa damu yake. Anaye binti mmoja tu, msusi, ambaye tangu utotoni uso wake ulisema kila kitu kabla ya mdomo. Hata njaa hakuweza kuificha. Kila akimwomba anajibiwa kesho, na kesho ikifika binti ana kichwa cha mteja mkononi.

Jumapili moja binti alipopita kumsalimia, Mzee alimwekea kiti dirishani.

"Leo huondoki. Kaa hapa kwenye mwanga, nikuone vizuri."

Binti akashusha pumzi, akatia visikilizio masikioni, akabonyeza simu yake mapajani. Mzee akakaza macho.

Binti alitabasamu papo hapo, hata kabla wimbo haujaanza. Akatikisa kichwa. Akainua dole gumba. Mzee akawa anaufuata wimbo kichwani mwake: gita hilo, waimbaji hao, ubeti wa pili, sasa panakuja, panakuja... Pakapita. Mkono haukunyooka. Kichwa kilitikisika vilevile, huku kidole kikipekua simu na macho yakicheka na kitu kingine huko chini.

Mwishowe alivua visikilizio. "Mzuri sana, baba!" alitamka polepole, akipanua mdomo ili baba asome midomo.

"Na pale vinaponyamaza? Hukushtuka?"

"Pale wapi?"

"Katikati. Vyombo vyote vinanyamaza."

Binti akamshika bega kwa huruma, huruma ya kumnyamazisha mtoto. "Hakuna panaponyamaza, baba. Siku nyingi hizo, umesahau."

Loo! Hasira zilimkaba Mzee. Simu yake ilikuwa pale pale mezani. Angeifungua tu, amwonyeshe mikono ya watu wote wale inavyonyooka, aone atasema nini. Akamtazama mwanawe. Uso ule uliokuwa haujui kuficha hata njaa ulikuwa unamtabasamia, mkavu kabisa.

"Labda nimesahau, mwanangu," akasema.

Binti akambusu shavuni, akachukua mkoba wake akatoka. Mlango ulipobamizwa, Mzee aliusikia miguuni.