Nilisema Nilimwona Rubani Akipunga Mkono

Mimi ni mwongo. Wacha nianze hapo, maana nikianzia kwingine nitazunguka mpaka usahau nilichokuja kusema. Shule niliiacha mapema, lakini mdomo, wueh! Mtaa mzima wa Huruma wananijua kwa mdomo.

Siku ile ndege ndogo ya serikali ilipoanguka ikitua kwa uwanja ulio ng'ambo ya mtaa wetu, mimi nilikuwa kwa kinyozi. Huyo kinyozi ni kijana wa Busia, mkono wake mwepesi, hata stima ikipotea kuwe giza hakukati. Hayo tuyaache. Nilikuwa nimelaza kichwa nyuma, macho nimefunga, povu shavuni.

Tukasikia kishindo, kibanda kikatetemeka. Nikatoka mbio na taulo shingoni mpaka kwa ukuta wa uwanja. Tulichoona ni moshi. Moshi tu, jameni! Waliokuwemo walikufa wote, maofisa na rubani wao.

Kisha wakaja watu wa televisheni, mimi bado na povu langu. Msichana mmoja akauliza, "Nani aliiona ikianguka?" Watu kimya. Na mimi watu wakinyamaza siwezi kuvumilia. Nikasema, "Mimi!"

Nikaeleza. Eti ilikuja chini chini juu ya mapaa, inayumba kama inacheza densi. Eti rubani aliwapungia watoto mkono pale kiooni, anaringa, haangalii mbele. Watu walinisikiliza midomo wazi! Nilipoona wananiamini, nikaongeza, "Tena alikuwa anacheka."

Ai, kile kicheko! Kumbe ndicho kilichommaliza.

Kufika jioni kila mtu anasema rubani aliua watu kwa kuringa. Nilisikia mjane wake alienda kuwapa pole wafiwa wengine, wakamfukuza matangani, wakamwita mke wa muuaji. Kinyozi akaniuliza, "Mzee, si ulikuwa umefunga macho hapa kwangu?" Nikamjibu, "Wewe nyoa, wachana na mambo ya wakubwa."

Wiki chache baadaye mzee wa rika langu akaingia kwa ploti yetu, kofia mkononi. Alikuwa mtu wa reli kabla ya kustaafu, anakaa mtaa wa Baba Dogo.

"Mimi ni baba yake yule rubani," akasema.

Nikamwekea kiti, nikamwekea chai.

"Nimekutazama kwa televisheni mara nyingi," akasema. "Shavu moja limenyolewa, lingine lina povu. Mzee mwenzangu, mtu akinyolewa huwa anaangalia wapi?"

Hakupaza sauti. Afadhali angenizaba kofi!

Nikajipapasa shavu. Akauliza tena, polepole, "Na ule mkono? Hata kucheka, hukumwona?"

Hapo ndipo nilipomwelewa. Alikuwa anatamani niseme ndiyo. Kwamba kijana wake, dakika ile ya mwisho, alikuwa na furaha.

"Sikuona, mzee," nikasema. "Sikuona kitu. Nisamehe."

Akatikisa kichwa, akavaa kofia. "Basi hakuna aliyemwona." Akaondoka. Chai hakuigusa.

Tangu siku hiyo nimesimama pale nje kwa kinyozi nikiwaambia watu nilidanganya. Vijana wananicheka, "Buda, serikali imekulisha pesa ngapi?" Yule msichana wa televisheni hashiki simu yangu. Ile video ya povu bado inazunguka kwa simu za watu, na ukweli nimebaki nao mwenyewe kwa nyumba.

Ndugu yangu unayesoma, siku moja utaulizwa mbele ya watu jambo ambalo hukuliona. Sema hukuona! Utaaibika kidogo, uende nyumbani ulale. Mimi silali.

Na yule mama bado anaitwa mke wa muuaji. Mume wake hakucheka. Ama labda alicheka. Sijui! Nilikuwa nimefunga macho!