Mzazi Hahojiwi

Jumamosi sokoni Mwanga, hapa Kigoma, nilipanga foleni nyuma ya mzee mmoja mwenye kanzu na koti. Alikuwa akimhutubia mama muuza dagaa, jirani yake, kuhusu mtaro mpya unaolalamikiwa mtaani kwao.

"Serikali ni mzazi," alisema, kidole juu. "Mzazi hahojiwi!"

"Ndiyo, mzee wangu," mama akajibu, huku akimchotea dagaa wa juu wanaong'aa.

"Ngoja kwanza!" Mzee akakunja mkono wa koti, akazamisha kiganja hadi chini ya beseni, akaibuka na dagaa kadhaa. Akamtafuna mmoja polepole, amefumba macho. Kigoma nzima tunanunua hivyo, maana dagaa walioanikwa mchangani hufichwa chini, na jino halidanganyiki.

"Mchanga huu!"

"Mimi pia ni mzazi, mzee wangu," mama akasema kwa adabu zote. "Sihojiwi."

Foleni nzima ikacheka.

"Lakini hawa wanaingia tumboni mwangu!"

"Na maji ya ule mtaro yanaingia wapi?"

Mzee akameza mate pamoja na mchanga wake. "Sebuleni kwangu," akasema.

Mimi pia naamini serikali iheshimiwe. Ila sijaona heshima inayomkataza mtu kugusa chini ya beseni.

Jana diwani alikwenda mtaani kwao kuusifia mtaro, nami nikahudhuria. Mzee alikaa mstari wa mbele. Alimsalimia mheshimiwa vizuri, akampigia makofi, kisha akasimama, taratibu, akikunja mkono wa koti.