Simiti ya Baridi

Mwaro amesambaza zege miaka kumi na tisa, kutoka hoteli za Kikambala mpaka hosteli hii inayojengwa Kibarani, ninapouza mchanga na kokoto. Maneno machache, slabu iliyonyooka. Fundi kama yeye kwa ujira ule hapatikani.

Siku ya slabu ya kwanza, gambuti lake la kulia lilikuwa limepasuka kisiginoni. Saa nne asubuhi rojo la zege likaingia ndani.

"Jimmy," akamwita fomani, "nipe maji nioshe mguu. Kiatu kimejaa simiti."

"Maji ni ya kukorogea. Kwani simiti yakuunguza?"

"La. Ni baridi."

"Basi shukuru. Wenzako wapikwa na jua."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Ndivyo tusemavyo wote: simiti ni baridi. Sijasikia neno la kijinga kuliko hilo. Simiti mbichi hula ngozi huku wewe umestarehe, na uchungu ukija, ngozi haipo.

Alikaa ndani ya uji ule hadi saa kumi. Mkewe, Harusi, alipovuta soksi, ilitoka na ngozi ya kisigino. Niliuona mguu ule nikimpeleka hospitali kwa pikapu yangu: nyama nyeupe, inateleza kama sabuni iliyolowa. Siku ya nne, nikimrudisha kusafishwa kidonda, ulinuka hata nikaendesha vioo vikiwa wazi.

Wiki sita baadaye Jimmy alimwita kwa slabu ya pili. Gambuti ni lile lile, limetiwa kiraka cha tairi. Pipa la maji safi hakuna. Mashine ya zege ishaanza kuzunguka, na Jimmy ameketi anakula mahamri kwa mbaazi.

Mwaro akaketi mbele yake, akafungua bendeji, akauweka mguu mezani.

"Toa uchafu wako, bwana, nala."

"Ni wako huu. Nimekurudishia."

Jimmy akavuta sahani yake nyuma. "Wataka nini?"

"Gambuti mpya kwa watu wote. Na pipa la maji ya kunawa."

"Nitakununulia wewe."

Mwaro akasogeza kisigino karibu na mbaazi. Usaha ulikuwa bado wachuruzika. Jimmy akaitazama mashine, zege likizidi kuwa zito bila fundi wa kulisambaza, kisha akatoa simu.

Pipa lilifika kwanza, kisha jozi kumi na moja. Mwaro akafunga kidonda, akasimamia kazi akiwa pakavu. Mahamri yaliachiwa nzi.