Siku Yangu Ilipokosa Historia

Enzi zetu, wenzangu mliosalia, siku ya kuzaliwa haikuwa na keki wala baluni. Pale skulini kwetu Changamwe ilikuwa na kitu kitamu zaidi: kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mnazi mbele ya darasa, ndiyo kengele yetu. Kukigonga ilikuwa kazi ya Mwalimu Yeremia peke yake, ila kama siku yako imefika. Hapo ulipewa ule msumari mnene wa reli, ukakigonga wewe, na skuli nzima ikatoka kwa mkono wako. Lo! Nilikitamani kipande kile kuliko mahamri, na mnajua wakati ule wa vita, sukari ikiwa ya kutafuta, mahamri yalivyotamaniwa.

Lakini Mwalimu alikuwa na sharti. Alipenda historia kama wengine wapendavyo tambuu, na kila asubuhi hakuanza hesabu mpaka atuambie siku kama ya leo kulitokea nini duniani. Basi mwenye siku yake alisimama mbele akataja jambo kubwa lililotokea tarehe ile. Ukikosa, hugongi. Samweli, jirani yangu wa dawati, alibahatika kupindukia: siku yake ndiyo aliyotawazwa mfalme wa Waingereza. Aligonga mwaka baada ya mwaka kwa mfalme yuleyule, na maringo yake hayakuwa na mfano.

Mimi nilizaliwa tarehe nane Mei, siku chache tu kabla ya ya Samweli. Siku chache! Na tarehe nane, kwa jinsi nilivyoulizauliza, dunia nzima ilikuwa imelala. Mwaka ule nilipania. Nikamwendea bibi yangu, tuliyemwita Hawe, akikuna nazi barazani.

"Hawe, siku niliyozaliwa kulitokea nini?"

"Kulinyesha."

"Na nini tena?"

"Ukalia wewe."

"Jambo kubwa, Hawe! La historia!"

Akaacha mbuzi ya kukunia, akafikiri kweli. "Ee, kuna lile. Beberu letu lilikata kamba, likaila kofia ya bwana stesheni."

Mimi nikaona nimepata. Asubuhi ya siku yangu mvua ya masika ilikuwa ikimiminika, nami nikasimama mbele ya darasa, gauni limenigandama mwilini, nikasema kwa sauti: "Siku kama ya leo, beberu la Hawe lilikula kofia ya bwana stesheni!"

Darasa lilipasuka. Samweli alianguka chini ya dawati. Hata Mwalimu aligeukia ubao, mabega yakimtikisika.

"Kadzo," akasema alipojiweza, "hiyo si historia. Kaa kitako."

Nilikaa. Nilitamani ardhi ipasuke. Mchana kutwa wenzangu walipopita walinililia "mee!"

Alasiri tukipalilia mihogo ya skuli, tukasikia honi ya meli kutoka Kilindini. Ikafuata nyingine. Kisha zote kwa pamoja, na garimoshi pale stesheni nalo likaitikia, mpaka kunguru wakaruka kutoka mikoroshoni. Tulidhani tumevamiwa! Mara akatokea karani wa stesheni juu ya baiskeli, matope mpaka masikioni.

"Vita vimekwisha! Mjerumani kasalimu amri! Wallahi, vimekwisha!"

Mwalimu akalitupa jembe. Kisha akapaza sauti: "Kadzo!"

"Abee, Mwalimu!"

"Leo tarehe ngapi?"

"Nane Mei, Mwalimu."

"Siku ya nani?"

Skuli nzima ikanguruma: "Ya Kadzo!"

"Sasa wangoja nini? Kagonge!"

Sikumbuki kukimbia, nakumbuka msumari tu mkononi, mzito na baridi. Niligonga! Niligonga kwa mikono miwili mpaka meno yakanitetema. Wanawake wakaja kutoka kisimani na ndoo kichwani, wapagazi wakaja, mpishi wa bwana stesheni akaja na mwiko wake. Hawe akafika mbio, kanga imelowa, akauliza vita vimemalizwa na nani. Samweli akamjibu, "Na Kadzo!" Tangu siku hiyo mpaka anakufa, Hawe aliwaambia wageni kuwa mjukuu wake ndiye aliyemaliza vita. Baadaye tuliambiwa kwamba vijana wetu kule Burma walikuwa wangali wakipigana na Mjapani, lakini jioni ile nani angesikia?

Juzi kitukuu changu, ambaye haachi simu hata akila, alinijia mbio. "Bibi! Hapa wanasema vita vya Ulaya viliisha siku yako ya kuzaliwa!"

"Najua, mwanangu. Aliyewatangazia Changamwe ni mimi."

Akacheka, "Bibi nawe!", akarudi kwenye simu yake kutafuta habari yangu ilipoandikwa. Bado anatafuta. Skuli ile sasa ina kengele ya umeme. Yalia yenyewe, na hakuna mtoto anayeililia.