Vyerehani kwa Wafumaji

Watu hudhani wafanyakazi wa kiwandani hupiga kelele kutwa. Sisi wa idara ya kufuma tulikuwa kimya. Mitambo ilinguruma kiasi kwamba hata ungepasua koo jirani asingekusikia, kwa hiyo tuliongea kwa midomo tu, bila sauti. Mwenzangu wa mtambo wa mwisho aliweza kunisimulia mahari ya binti yake na ukorofi wa mawifi, nami nikamjibu kutoka mtambo wangu wa mlangoni, huku jicho moja likilinda uzi usikatike. Lugha hiyo ukishaizoea haikutoki. Mpaka leo mtu akinong'ona kanisani mbele yangu, najua kamsengenya nani.

Tulifuma mashuka mekundu, ya mistari na ya miraba. Niliipenda kazi ile. Nikimkuta mzee amekuja mjini kutoka Terrat kuuza mbuzi, amejitanda shuka lake, nilimfuata nyuma kidogo nione kama ni kazi ya mikono yetu.

Kisha yakaja mashuka ya kutoka nje, majora kwa majora, mepesi, bei ya kutupa. Masika moja tu na rangi imepauka, lakini nani atawaza masika wakati mfukoni hamna kitu? Wanunuzi siwalaumu. Nawalaumu walioacha mlango wazi, halafu wakatuhubiria tujifunze kushindana. Tushindane vipi na shuka linalouzwa rahisi kuliko uzi tuliotumia kulifuma? Kiwanda kikapunguza zamu, baadaye kikafungwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alipoingia, mwenyeji ndiye aliyefungashiwa virago.

Baadaye tukaitwa ofisi ya wilaya, tukaambiwa serikali ina mpango wa kutusaidia. Nilifurahi, sifichi. Tukaunda kikundi cha wanawake kama tulivyoagizwa, tukaomba kitu kimoja tu: mitambo midogo ya kufumia kwa mkono, tuendelee na kazi tunayoijua. Afisa, kijana mpole, alitusikiliza hadi mwisho.

"Mama zangu, mpango wetu una vyerehani," akasema. "Si mlikuwa kiwanda cha nguo?"

"Mwanangu, sisi tunafuma. Kushona kuna mafundi wake."

"Lakini yote si nguo, mama?"

Ni kama kumnyang'anya mkulima jembe ukampa sufuria, eti yote ni chakula. Tulirudi mara nyingi ofisini kwake, na kila mara jibu lilikuwa lilelile.

Siku ya kukabidhiwa vyerehani tulikusanyika uwanjani, Sekei. Mgeni rasmi alivishwa shuka, maana ndivyo kwetu anavyoheshimiwa mgeni. Lilikuwa limenunuliwa dukani asubuhi ile, la nje, likimteleza begani kila akipunga mkono. Sisi tulipangwa mstari upande wa pili wa uwanja, na spika zilipiga muziki wa kuziba masikio. Mgeni rasmi akamwinamia afisa. Hakuna aliyesikia neno, ila mstari mzima wa wafumaji uliona midomo.

"Hawa ndio wale washonaji?"

"Ndio, mheshimiwa. Wape vyerehani vyao tukawahi chakula."

Nilipiga hatua mbele. Mwenzangu akanigeukia, akaniambia kwa midomo vilevile kwamba ninyamaze, tusije tukakosa hata hicho kidogo. Nilijua ana wajukuu wanaomtegemea. Lakini zamu yangu ilipofika nilishindwa kunyamaza.

"Shikamoo mama," mgeni rasmi akanisalimia.

"Marahaba. Mheshimiwa, sisi si washonaji, ni wafumaji. Na hilo shuka ulilovaa ndilo lililotutoa kazini. Tunaomba mitambo ya kufumia."

Akatazama kamera, akatabasamu. "Asante mama. Tumelipokea."

Neno hilo nalichukia mpaka kesho. Tumelipokea, halafu wanaliweka wapi? Alinishika mkono, akanielekeza kwenye cherehani, na picha ikapigwa.

Nilikichukua. Hasira haipikwi ikaliwa. Nikajifunza kushona katika umri wa kuitwa bibi, sindano ikinitoboa vidole, vijana mafundi wa Engutoto wakinicheka waziwazi. Magauni yalinishinda. Suruali ndiyo usiseme. Nilichoweza ni kupiga mshono ulionyooka, na mwenye haja ya mshono ulionyooka alijitokeza mwenyewe. Ni mfanyabiashara wa sokoni, ananiletea majora ya mashuka ya nje. Nakata, napinda kingo, nakunja, yeye anakwenda kuuza. Ndiyo kazi inayonilisha. Yakichelewa kuingia, nalala na njaa, na kuna siku nimejikuta naomba kwa Mungu yafike upesi.

Juzi yule afisa alinitembelea na wageni wake. Akawaonyesha lile rundo jekundu miguuni pangu, akawaambia mpango umenirudisha kwenye kazi yangu.